Nyuma ya Pazia: Niliyofundishwa na Watoto Watatu, Tangu Poti hadi Ujana

Kifungua mimba wetu aliacha nepi akiwa na umri wa miaka miwili na miezi miwili, na kazi yote haikuzidi siku kumi. Mama yake aliweka poti pembeni mwa bafu, mtoto akaizungukazunguka siku mbili tatu, akamkalisha mwanasesere wake juu yake, kisha asubuhi moja akaikalia mwenyewe na kujisaidia kana kwamba ndivyo alivyokuwa akifanya maisha yake yote. Mimi, ambaye mchango wangu ulikuwa kupiga makofi na kuimwaga poti mara nne hivi, niliutangaza ushindi ule kwa kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Nilisema siri ni msimamo. Mzazi akiwa na msimamo, mtoto hufuata. Niliyasema hayo kazini, niliyasema kwa ndugu, na nakumbuka kwa aibu kwamba niliyasema hata mbele ya rafiki yangu ambaye mwanawe wa miaka mitatu na nusu alikuwa bado anavaa nepi. Rafiki yule alinyamaza, nami nikadhani amekubali.

Binti huyo alipotimiza miaka mitatu alizaliwa mdogo wake wa kiume, na ndani ya wiki moja akaanza tena kujikojolea mchana. Nilimwambia, kwa sauti niliyoiona kuwa ya upole, kwamba yeye sasa ni mkubwa na wakubwa hawafanyi hivyo. Hakuna neno lililomuudhi kuliko hilo, maana ukubwa ndio uliomnyang'anya mapaja ya mama yake. Mama yake hakusema kitu. Alichukua nepi moja ya mtoto mchanga, akamuuliza kama angependa kuivaa, naye akaivaa kwa siku mbili juu ya chupi yake, ikiwa imembana vibaya, kisha akaivua na hakuiulizia tena. Mimi nililiona jambo lile kuwa ni kudekeza. Lilikuwa somo la kwanza, nami nililipita bila kulisoma.

Mtoto wa pili ndiye aliyenifundisha, na aliyelipa karo ni yeye.

Nilianza kumfundisha akiwa na miezi 20, kwa sababu mbili ambazo hakuna hata moja iliyomhusu: nilitaka avunje rekodi ya dada yake, na nilikuwa nimechoka kununua nepi. Leo nikiangalia nyuma naona kwamba hakuwa na dalili hata moja ya kuwa tayari. Mtoto aliye tayari hukaa mkavu kwa saa mbili hivi, hujua kwamba anataka kujisaidia kabla hajajisaidia, hukerwa na nepi iliyolowa, huweza kushusha suruali yake mwenyewe na hufuata maagizo mepesi ya hatua mbili. Watoto wengi huzionyesha dalili hizo kati ya miezi 18 na 30, na wavulana mara nyingi huchelewa kidogo kuliko wasichana. Wangu alikuwa akilowa karibu kila saa, na hakuwa na habari wala hakujali. Mimi nilishikilia methali ya samaki mkunje angali mbichi, methali ambayo ni nzuri kwa mambo mengi, lakini ambaye aliitunga hakuwa akizungumzia kibofu.

Basi nikawa namkalisha kwenye poti kila nusu saa. Alikaa, akakazana, akanitazama usoni, na hakutoka hata tone. Nilipomwachia ainuke, alikwenda nyuma ya kiti na kukojoa papo hapo. Nilisadiki kwamba ananifanyia kusudi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba misuli inayofunga njia ya mkojo haifunguki kwa amri, na mtoto anayetazamwa na mtu mwenye hasira hukaza mwili mzima, pamoja na misuli ile. Alipoinuka na kuniacha nyuma, mwili ulilegea, mkojo ukatoka. Hakukuwa na ukaidi wowote katika jambo lile. Palikuwa na mtoto mdogo aliyeogopa, na mtu mzima aliyekuwa akihesabu dakika.

Kisha siku moja akapata choo kigumu, cha kawaida tu, kama anavyoweza kukipata mtoto yeyote aliyekunywa maji kidogo. Kilimuumiza, akalia, na kwa kuwa kilimjia akiwa kwenye poti huku mimi nimemsimamia, mambo yote matatu yakaungana kichwani mwake: poti, baba na maumivu. Tangu siku hiyo akaanza kukimbilia nyuma ya pazia la sebuleni. Alisimama pale kwa vidole vya miguu, mapaja ameyabana, uso umemwiva, akitetemeka kidogo, kisha baada ya dakika chache akatoka na kurudi kwenye michezo yake. Nilidhani anasukuma. Nilimwambia hata mama yake kwamba angalau anajaribu. Kumbe alikuwa akizuia.

Alizuia siku tatu, kisha tano, kisha siku nyingine wiki nzima. Tumbo likawa gumu, hamu ya kula ikapotea. Halafu chupi zake zikaanza kuchafuka kidogokidogo mara kadhaa kwa siku, uchafu mwepesi kama wa mtu anayeharisha, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa kuona kilichokuwa mbele yangu. Nilihesabu kwamba mtoto wa miaka mitatu kasoro, mwenye akili ya kufungua makabati yote ya nyumba, anajichafua kwa uvivu. Nilimkaripia. Jioni moja nilimpiga kofi la pajani. Hakulia kwa sauti. Alikwenda nyuma ya pazia. Sijapata kumsimulia mtu jambo hilo bila kutafuta maneno ya kujitetea, na kila mara nagundua kwamba sinayo.

Daktari tuliyempelekea alimlaza, akampapasa tumbo, akaniita niweke vidole vyangu pale alipokuwa ameweka vyake. Niliona uvimbe mgumu chini ya ngozi, upande wa kushoto. Alitueleza kwamba mtoto aliyewahi kuumizwa na choo huzuia ili asiumie tena. Choo kinachozuiwa hukaa, maji yake hunyonywa na utumbo, nacho huzidi kuwa kigumu na kikubwa, hivi kwamba kinapotoka huumiza zaidi na kumthibitishia mtoto kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli. Sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka, na ikishatanuka hupoteza ile hisia ya kumwambia mwenyewe kwamba imejaa. Baadaye kinyesi laini kinachotoka juu hupenya pembeni mwa lile bonge na kuvuja, na mtoto hana habari mpaka ameshachafuka. "Huyu hajichafui," alisema, "huyu amejaa." Kisha akaniuliza kama nimewahi kumwadhibu kwa ajili hiyo. Mama yake akatazama dirishani.

Matibabu yenyewe hayakuwa ya ajabu. Tulipewa dawa ya kulainisha choo, kwanza kwa kiasi kikubwa ili kuondoa kilichokwama, kisha kwa kiasi kidogo kila siku kwa miezi mingi, tukionywa tusiiache mara tu mambo yatakapokaa sawa, kwa sababu utumbo uliotanuka huchukua muda mrefu kurudia hali yake. Tuliambiwa tumkalishe dakika tano baada ya mlo, wakati ambapo utumbo huamka wenyewe kwa sababu tumbo limepokea chakula, na tumwekee kigoda chini ya miguu ili magoti yawe juu ya nyonga. Na tuliambiwa, hili likiwa gumu kuliko dawa, kwamba katika dakika hizo tano tusidai kitu. Akikaa, inatosha. Tumsifu kwa kukaa, si kwa kutoa. Mambo ya poti yasizungumzwe mezani, wala asitolewe mfano wa dada yake. Akitaka nepi kwa ajili ya haja kubwa, apewe bila uso wa kununa.

Niliyafuata maagizo yale nikiwa na mashaka, nikiamini moyoni kwamba tunamfundisha mtoto kutawala nyumba. Mchelea mwana kulia hulia yeye, nilijiambia. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika, wala ya tatu. Alikaa dakika zake tano akiniomba nimsomee hadithi ileile ya sungura, nami nikaisoma nikitazama ukuta kama nilivyoelekezwa. Baada ya miezi miwili aliacha kwenda nyuma ya pazia. Aliacha nepi kabisa akiwa na miaka mitatu na miezi minne, ikiwa ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu tangu nilipoanza kumharakisha.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kuhusu daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, ambaye mwaka 1962 alichapisha taarifa juu ya watoto 1,170 waliokuwa wakihudumiwa katika kliniki yake, ambao wazazi wao walishauriwa wasianze mpaka mtoto aonyeshe dalili za kuwa tayari. Kwa wastani watoto hao waliacha kujikojolea mchana wakiwa na miezi 28 na nusu. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kama ningemwacha wangu kwa miezi minane tu bila kumgusa, huenda angemaliza bila kupitia hayo yote. Huenda; sitajua. Nasema hivyo nikifahamu kwamba wapo walezi wanaoanza mapema mno, wakimshikilia mtoto mchanga kwa saa maalumu na kumpigia mluzi, na wanafanikiwa vizuri. Lakini nimewatazama wanaofanya hivyo, na kile wanachofanya ni kumsoma mtoto kwa makini kuliko nilivyowahi kumsoma wangu. Umri wa kuanza haukuwa kosa langu kubwa. Kosa langu lilikuwa kuingia katika jambo la mwili wa mtu mwingine nikitafuta ushindi.

Usiku lilikuwa suala jingine. Alikojoa kitandani hadi alipokaribia miaka minane, lakini wakati huo nilikuwa nimeshanyenyekea. Kabla ya umri wa miaka mitano madaktari hawalihesabu jambo hilo kuwa ugonjwa, na katika umri huo takriban watoto 15 katika kila 100 bado hulowa usiku. Wengine mwili wao unachelewa kutoa kwa wingi wa kutosha ile homoni inayopunguza mkojo wakati wa usingizi. Wengine usingizi ni mzito kiasi kwamba kibofu kinapiga hodi na hakuna anayeamka. Na wengi ni urithi tu. Nilipompigia mama yangu simu kulalamika alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama nadhani mimi niliacha lini. Tukatandika mpira chini ya shuka, tukaweka shuka la akiba karibu na kitanda, tukamwonyesha namna ya kubadilisha mwenyewe bila kumwamsha mtu. Hatukumwita kikojozi, na dada yake alipolitumia neno hilo mara moja, nilimweleza kwamba katika nyumba ile kulikuwa na kikojozi mwingine, na kwamba alikuwa akizungumza naye.

Kati ya miaka minane na kumi na miwili watoto wangu walikuwa wepesi kuwalea, nami nikafanya kosa wanalofanya wazazi wengi katika kipindi hicho kizuri: nilidhani kazi imekwisha.

Binti alitangulia kuingia ujanani. Mama yake alikuwa ameshamweleza mapema kuhusu mabadiliko ya mwili, kwa kuwa wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka minane na kumi na mitatu, na hedhi ya kwanza huja miaka miwili hivi baada ya matiti kuanza kuota. Mimi nilijiweka kando nikiamini kwamba hayo ni ya wanawake. Siku alipovunja ungo mama yake alikuwa safarini. Alinijia jikoni, akasimama mlangoni, akaniambia anaumwa na tumbo, nami nikamtafutia dawa ya tumbo. Ilibidi ampigie simu mama yake ili mama yake anipigie mimi, nyumba moja, vyumba viwili. Nilikwenda kununua taulo za kike, nikarudi na aina nne kwa sababu sikuthubutu kuuliza. Alicheka, na kicheko hicho kilituokoa sote wawili, lakini nilijua nilichokiona pale mlangoni: mtoto aliyekuwa akipima kama jambo lake linabebeka na baba yake, akaona halibebeki. Mdogo wake wa kiume alipokaribia umri huo nilimweleza mwenyewe, kwa maneno ya wazi, kuhusu sauti kukatika, nywele, jasho na ndoto zinazolowesha shuka, ili asije akafikiri kwamba amerudia utoto wake wa kukojoa. Alinisikiliza akiwa amejifunika uso kwa mto. Sidhani kama nilifanya vizuri, ila nilifanya kabla ya wakati, na katika mambo haya kuwahi ni nusu ya ubora.

Ni alipofika miaka kumi na minne ndipo alipofunga mlango. Kwanza nilipambana na usingizi wake. Usiku wa manane taa yake ilikuwa inawaka, asubuhi haamshiki, na siku ya mapumziko alilala hadi karibu saa sita mchana. Nilimwita mvivu. Baadaye nilielewa kwamba katika umri wa kubalehe saa ya ndani ya mwili husogea mbele, homoni ya usingizi huanza kutoka ikiwa imechelewa kwa saa moja hadi mbili kuliko ilivyokuwa utotoni, huku kijana akiwa bado anahitaji saa nane hadi kumi za kulala. Simu kitandani iliongeza tatizo, hilo halina ubishi, na tulikubaliana simu zote za nyumba, pamoja na yangu, zilale sebuleni. Lakini nusu ya lile nililoliita tabia lilikuwa mwili, kama zamani.

Kubwa zaidi lilikuwa kunyamaza. Nilimuuliza siku yake imekuwaje, akajibu "kawaida". Nilipoongeza maswali, majibu yalipungua. Nikaingiwa na hofu, na hofu ikanipeleka kwenye simu yake, ambayo neno lake la siri nililifahamu. Nilisoma mazungumzo yake na rafiki yake kwa dakika arobaini. Sikukuta dawa za kulevya, wala mtu mzima anayemrubuni. Nilikuta sentensi moja isemayo kwamba hataki kuingia tena katika darasa fulani, na nyingine inayonihusu mimi, ambayo sitaiandika. Jioni ile, mezani, mbele ya dada yake na mdogo wake, nilimuuliza ana maana gani kusema hataki kuingia darasani. Aliweka kijiko chini taratibu. Alinitazama kwa muda, si kwa hasira, akaomba ruhusa ya kuondoka mezani.

Ilipita karibu miezi minne. Alikuwa na adabu, alifanya kazi zake, alisalimia. Kisha vikaanza kuvuja vitu vidogovidogo: uongo usio na maana kuhusu alikokuwa, jibu la ukali kwa mdogo wake, na hatimaye barua ya shule kwamba amekosa vipindi vitano vya somo moja. Niliipokea barua ile kama nilivyozipokea zile chupi. Nilipaza sauti, nikachukua simu, nikamzuia kutoka kwa mwezi mzima, nikamwambia kwamba mtu mwenye akili zake hafanyi upuuzi kama huo. Akaingia chumbani. Mama yao, aliyekuwa akikunja nguo muda wote huo, alisema bila kuinua macho: "Baba watoto, unakumbuka alivyokuwa akisimama nyuma ya pazia?"

Nilikaa. Nilikumbuka vidole vya daktari juu ya tumbo. Huyu hajichafui, huyu amejaa.

Kesho yake nilimwendea, nikabisha hodi, nikasubiri, nikamwambia kwamba nilikosea kuisoma simu yake, na kwamba nilikosea zaidi kumwaibisha mbele ya ndugu zake. Nilitarajia kitu fulani. Sijui nini, pengine tukumbatiane. Alisema "Sawa, Baba," akaendelea kufunga kamba za viatu. Nilimrudishia simu. Adhabu ya vipindi ilibaki, kwa kuwa kuwepo shuleni halikuwa jambo la kujadiliwa, lakini niliipunguza ikawa wiki moja, naye akaambiwa kwa nini imebaki.

Kisha nikarudia maagizo ya zamani kadiri nilivyoyakumbuka: saa maalumu, baada ya mlo, bila kudai kitu. Tuliosha vyombo pamoja kila usiku, yeye akisugua, mimi nikisuuza, wote tukitazama ukuta. Nadhani kutotazamana kulisaidia kuliko maneno yoyote. Wiki tatu za kwanza tulizungumzia sahani. Nilijizuia kuuliza hata nilipohisi ulimi unawasha, na nikiri kwamba siku mbili nilishindwa na kuharibu. Wiki ya nne, akisugua sufuria ileile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaniambia kwamba alipokuwa akisoma kwa sauti mbele ya wenzake, sauti yake ilikatika ikatoka kama ya ndege, darasa zima likacheka, mwalimu naye akacheka, na tangu siku hiyo kila anapoingia kuna anayeiga mlio ule. Hilo tu. Miezi minne ya nyumba nzima, kwa sababu ya koo linalokua na nyuzi za sauti zinazorefuka.

Ningeweza kucheka mimi pia, kwa faraja. Nilisuuza sahani. Nilimuuliza kama angependa niende shuleni, akasema "Usiende, Baba," nami sikwenda, ingawa usiku huo niliandika kichwani hotuba tatu za kumpa mwalimu yule. Wiki moja baadaye alisema naweza kwenda, kwa masharti: nizungumze na mwalimu peke yake, nisitaje majina ya wanafunzi, na nisivae ile kofia. Niliyatimiza yote matatu.

Sitaki nieleweke vibaya na wale wanaosema kwamba kijana aachwe tu. Hata daktari hakutuambia tuitupe poti. Ilibaki mahali pake, na saa ya kukaa ilikuwa ileile kila siku. Kijana wa miaka kumi na minne au kumi na sita anao mwili unaokaribia kuwa wa mtu mzima, lakini sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na rafiki zake wakiwepo hatari huonekana tamu zaidi. Kwa hiyo yapo tuliyoyashikilia bila mjadala: tujue uko wapi na nani, saa ya kurudi ikibadilika upige simu, usipande gari linaloendeshwa na mtu aliyelewa. Na kwa hilo la mwisho niliongeza ahadi: nipigie saa yoyote, nitakuja, na usiku huo sitauliza swali hata moja. Nywele, muziki, hali ya chumba na mavazi niliviacha, vingine kwa kusaga meno.

Mwaka 2000, watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya vijana 703 wa miaka kumi na minne nchini Uswidi na wazazi wao. Waliona kwamba kile wazazi wanachokijua kuhusu maisha ya watoto wao hutokana zaidi na kile ambacho mtoto mwenyewe anaamua kuwasimulia, kuliko kuulizauliza na udhibiti wao. Niliposoma hivyo nilikuwa nimeshapoteza dakika arobaini na simu ya mtu, na miezi minne iliyozifuata.

Kitinda mimba wetu sasa ana miaka kumi na mitatu, naye si kama yeyote kati ya wale wawili. Anasema kila kitu, kwa sauti, akiwa mahali popote, na taabu yangu ni kumfundisha kwamba baadhi ya mambo si ya mezani. Nepi aliziacha lini? Ilibidi nimuulize mama yake ndipo niweze kuandika hapa kwamba ilikuwa miaka miwili na nusu, maana sikuwa nimeandika wala kumtangazia mtu.

Kaka yake ana miaka kumi na tisa. Miezi michache iliyopita alinipigia simu saa nane usiku. Alikuwa kwenye sherehe, na aliyewapeleka alikuwa amekunywa. Nilivaa shati juu ya nguo za kulalia nikaenda. Alikuwa amesimama nje ya lango na wenzake wawili, tukawashusha wale kwao mmoja baada ya mwingine, kisha tukabaki sisi wawili garini. Sikuuliza. Tulikwenda kwa kimya cha dakika kumi hivi, nami nilikuwa nimetazama barabara, mikono yote miwili kwenye usukani, ndipo akaanza kuzungumza, si kuhusu sherehe ile, bali kuhusu masomo anayotaka kuyabadilisha na msichana ambaye jina lake sikuwa nimewahi kulisikia. Tulipofika kwenye njia ya kuingilia nyumbani alikuwa bado hajamaliza sentensi yake. Sikukata kona. Nilipunguza mwendo, nikaendelea mbele.